Kabla hujamlisha paka, geuza mfuko usome nyuma (uzi mrefu, kaa vizuri)

#1 SharubuNdefu

Wakuu, heshima mbele. Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi kwa aibu, maana ninachokuja kukisema mimi nilikijua baada ya paka wangu kukilipia.

Anaitwa Chui. Nyumbani tulikuwa na mbwa na paka, na mimi kwa akili zangu nikaona chakula ni chakula: wote wana manyoya, wote wanapenda nyama, mfuko mmoja unatosha. Karibu miaka miwili Chui alikula chakula kikavu cha mbwa. Alishiba, hakutapika, akanenepa kidogo. Nilijiona mjanja kweli.

Kisha akaanza kukosea kuruka. Paka aliyekuwa akipita katikati ya vikombe bila kugusa hata kimoja, sasa anajigonga kwenye ukingo wa meza, hasa magharibi kabla taa hazijawashwa. Mboni zake zikabaki pana hata mchana. Daktari wa mifugo alimmulika macho, akausikiliza moyo wake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, halafu akaniuliza: anakula nini?

Nilipojibu, alinyamaza.

Tatizo lilikuwa taurini. Hiki ni kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini. Paka hutengeneza kidogo mno, na hicho kidogo hukipoteza kila siku kupitia nyongo, kwa hiyo lazima akipate kwenye chakula. Akikikosa kwa miezi mingi, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huanza kufa na misuli ya moyo hulegea na kutanuka. Moyo wa Chui ulikuwa umeanza tu, ukarudi alipopewa taurini. Macho hayakurudi. Sasa anaona vivuli, na mimi sihamishi tena samani ndani ya nyumba.

Wala si mimi peke yangu niliyeteleza. Uhusiano wa taurini na ugonjwa huo wa moyo ulionyeshwa mwaka 1987 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na baadhi ya paka waliokuwa wakiugua walikuwa wanakula vyakula vya kiwandani vilivyotengenezwa kwa ajili ya paka. Baada ya hapo watengenezaji wakaongeza taurini. Kwa hiyo chakula cha paka cha leo kina kitu ambacho cha mbwa hakilazimiki kuwa nacho.

Tangu siku ile sinunui mfuko bila kuugeuza. Mbele kuna picha ya paka anayeng'aa na minofu ya samaki. Hilo ni tangazo. Nyuma, kwa maandishi madogo ya kuumiza macho, natafuta kwanza sentensi moja: kwamba hiki ni chakula KAMILI, ni cha PAKA, na ni cha umri gani. Marekani viwango vya virutubisho vinatolewa na AAFCO (chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama), Ulaya na FEDIAF (shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani), na watengenezaji wengi hutaja mojawapo. Kama imeandikwa "chakula cha nyongeza" au "cha ziada", basi hicho ni kitafunwa, hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Umri nao si pambo. Kwa viwango vya AAFCO, chakula cha mtu mzima kinatakiwa kiwe na protini isiyopungua 26% na cha mtoto anayekua 30%, maji yakiwa yametolewa kwenye hesabu. (Naam, paka naye ana mtu mzima. Mnanielewa.)

Hayo maji ndiyo yanayowapoteza wengi. Unashika kopo limeandikwa protini 10%, unashika mfuko wa chakula kikavu umeandikwa 32%, unaona kopo ni utapeli. Sasa toa maji. Kopo lina unyevu 78%, kwa hiyo kilichobaki ni 22. Gawanya 10 kwa 22: protini ni kama 45%. Mfuko una unyevu 8%, kilichobaki ni 92. Gawanya 32 kwa 92: ni kama 35%. Kopo ulilolidharau limeshinda.

Naishia hapo kwanza. Karibuni, hata kwa kunisuta.


#2 Kiroboto

Mleta uzi, pole kwa Chui. Ila nina ukakasi kidogo. Paka wameishi na binadamu maelfu ya miaka bila mfuko wala kopo. Bibi yangu alikuwa na paka aliyekula mabaki tu, akafikisha umri mpaka tukasahau alizaliwa lini. Leo tunaambiwa tusome asilimia. Naona viwanda vimetushika masikio. Wangu nampa vipakiti vile vya mchuzi, anavilamba mpaka karatasi, sijui AAFCO ni nani na yeye hajui.


#3 SharubuNdefu

Kiroboto, paka wa bibi yako hakuwa anaishi kwa mabaki. Alikuwa anaishi kwa panya, mabaki yalikuwa kionjo.

Panya ni mlo kamili kuliko chochote ninachoweza kupika mimi. Ana nyama, moyo na maini, humo mna taurini na vitamini A. Ana mifupa, ndiyo kalsiamu. Karibu theluthi mbili za mwili wake ni maji. Panya mdogo wa nyumbani ana kilokalori kama 30, kwa hiyo paka wa kilo 4 anahitaji kama wanane kwa siku, na hupenda kula kidogo kidogo mara nyingi mchana na usiku. Paka anayefungiwa ndani hana panya. Ukimpa yaleyale mabaki bila panya, umempa kionjo bila chakula.

Viwanda sivitetei. Mwaka 2007 huko Marekani na Kanada chakula cha paka na mbwa kilirudishwa kwa wingi baada ya kukutwa na melamini, kemikali ya viwandani, iliyochanganywa kwenye gluteni (protini) ya ngano ili ipime kana kwamba ina protini nyingi. Wanyama walikufa kwa figo. Ndiyo maana nasema tusome.


#4 MamaWaWatatu

Habari zenu. Mimi nina paka watatu na sitaki kabisa mambo ya viwandani. Nawachemshia kifua cha kuku, namwaga yale maji yenye mafuta, nawachambulia. Wanakula vizuri, manyoya mazuri. Sasa mleta uzi umenitia wasiwasi. Kuku si nyama jamani? Kuna taurini humo au hakuna?


#5 SharubuNdefu

Mama, ipo, ila kifua cha kuku kina kidogo kikilinganishwa na moyo au nyama ya paja. Halafu taurini huyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo yale maji unayoyamwaga ndiyo yaliyobeba sehemu yake. Uchungu wake ndio huo.

Lakini mimi ningeanza kuogopa kalsiamu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Mwili ukiona hivyo unaichota kwenye mifupa. Kwa mtoto wa paka mambo huharibika haraka: mifupa inalainika, miguu inapinda, anaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Watatu wako wana umri gani?

Na usikimbilie kufidia kwa maini kila siku. Maini ni mazuri kidogo kidogo. Yakizidi kwa muda mrefu, vitamini A hujaa mwilini na kuotesha mifupa shingoni, pingili zinashikana, paka hawezi hata kujilamba mgongo.

Kupika si kosa. Kosa ni kupika kwa kukisia. Wapo madaktari wa mifugo waliobobea kwenye lishe wanaoandika mapishi kwa uzito, pamoja na madini na taurini ya kuongeza. Ukiwa na pishi la namna hiyo, pika. Ukiwa huna, chakula kamili kiwe msingi na kuku wako awe kitafunwa, asivuke 10% ya kalori za siku.


#6 MamaWaWatatu

Mkubwa ana miaka sita, wa pili minne, mdogo ana miezi mitano. Huyu mdogo ndiye ananinyima usingizi sasa. Kesho asubuhi nampeleka.


#7 TrayiYaPili

Nafanya kazi kliniki ya mifugo, si daktari, ila napokea wagonjwa mlangoni miaka kadhaa sasa. Niongeze mawili, na moja litampinga kidogo mleta uzi.

La kwanza: uzi mzima mnaongelea upungufu. Tunaowaona wengi zaidi ni wanene. Bakuli limejaa saa zote, paka amehasiwa, hatoki nje. Akihasiwa mahitaji yake ya nguvu hushuka, hamu ya kula inapanda, na mwenye paka anaendelea kumimina kama zamani. Hata chakula bora kikizidi kinaleta kisukari na maumivu ya viungo. Paka wa kilo 4 anayekaa ndani anahitaji kama kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Chakula kikavu kingi kina 350 hadi 400 kwa gramu 100. Piga hesabu, ni gramu 60 hivi kwa siku NZIMA. Mkimwaga hizo gramu 60 kwenye bakuli mnashtuka, mnasema huyu atakufa njaa. Tumieni mizani ya jikoni. Kikombe kinadanganya.

Huna mizani ya paka? Pitisha vidole ubavuni. Mbavu zihisike kama mifupa ya mgongo wa kiganja chako: ipo, imefunikwa kidogo. Kama unabonyeza kutafuta, ni mnene. Kama zinachoma kama vifundo vya ngumi, amekonda. Na akiwa mnene msimkatie ghafla, nitarudi kwenye hilo.

La pili: maji. Asili ya paka wa nyumbani ni paka wa jangwani, hana kiu ya haraka, figo zake zinakamua mkojo mpaka mzito. Anayekula chakula kikavu hunywa maji zaidi, ila mara nyingi hafikishi kiasi anachokipata anayekula cha kopo chenye maji 75% na zaidi. Mkojo mzito unasaidia fuwele na mawe kujengeka. Kwa dume ni hatari zaidi kwa sababu njia yake ya mkojo ni nyembamba. Ukiona dume anaingia trei lake la choo mara kwa mara, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu, usifungue uzi hapa kuuliza. Mpeleke saa hiyohiyo. Akiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Ninapompinga mleta uzi ni hapa: hesabu yake ya kopo na mfuko ni sahihi, ila watu watatoka humu wakisema kikavu ni sumu. Si sumu. Wapo paka wanaozeeka vizuri kwa chakula kikavu kilicho kamili, kinachopimwa, na maji yapo sehemu mbili tatu ndani ya nyumba. Wengi mtaweza kuchanganya, kikavu asubuhi, cha majimaji jioni. Hilo tu linaongeza maji.


#8 SharubuNdefu

Nimesimama nimekusikiliza. Nakubali.


#9 NyauMtaalamu

Naomba kuuliza kuhusu hivi vya "bila nafaka". Nimesikia nafaka ndiyo inaleta mzio na kuwasha, kwa hiyo nilihamia huko moja kwa moja, na ni ghali. Je, nimefanya sawa? Pia naona vingine vimeandikwa "yenye kuku", vingine "ladha ya kuku". Si kitu kimoja?


#10 SharubuNdefu

Nianze na la mwisho kwa sababu linanifurahisha. Kwa kanuni zinazofuatwa Marekani, jina limepimwa. Kopo likiitwa "kuku kwa paka" bila neno jingine, kuku anatakiwa awe 95% ukiondoa maji ya kutengenezea. Likiitwa "mlo wa kuku" au kwa neno la namna hiyo, inatosha 25%. "Yenye kuku" ni 3%. "Ladha ya kuku" haina kiwango, inatosha ladha iweze kutambulika. Kila neno linaloongezwa kwenye jina linampunguza kuku.

Orodha ya viambato nayo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, lakini uzito huo unahesabiwa pamoja na maji. Nyama mbichi inapanda juu ya orodha kwa sababu imejaa maji. Unga wa nyama iliyokaushwa unaweza kuwa chini yake na bado ndio umechangia protini nyingi zaidi. Na neno "mazao ya pembeni ya nyama" lisikutishe. Mara nyingi ni moyo, figo, maini, mapafu. Paka akikamata panya haanzi kwa minofu.

Kuhusu nafaka: paka hahitaji wanga kama hitaji, ila wanga uliopikwa vizuri anaumeng'enya. "Bila nafaka" haimaanishi bila wanga, geuza mfuko utakuta viazi, mbaazi, dengu. Ukitaka kukadiria wanga, chukua 100, toa protini, mafuta, unyevu, majivu (ndiyo madini) na nyuzinyuzi. Mfuko wenye 32, 12, 8, 7 na 3 unabakiwa na 38, kuwe na mchele au viazi. Na mzio wa chakula kwa paka, unapokuwepo, mara nyingi hutokana na nyama ya ng'ombe, samaki au kuku. Kwa hiyo umelipia kuondolewa mshukiwa asiye sahihi.


#11 NyauMtaalamu

Aisee. Haya, na chakula kibichi? Rafiki yangu anaapa kwacho.


#12 TrayiYaPili

Bakteria kama Salmonella wanaweza kumpata paka na wewe unayeosha bakuli. Na kugandisha hakuui kila kitu. Desemba 2024, jimbo la Oregon huko Marekani, paka wa ndani alikufa kwa mafua ya ndege ya H5N1 na chanzo kilikuwa chakula kibichi cha bata mzinga kilichogandishwa, kikarudishwa kutoka sokoni. Mimi kwangu hakiingii.


#13 Kiroboto

Na samaki? Msiniambie paka na samaki nao wameachana.


#14 SharubuNdefu

Hawajaachana, wapunguze kuonana tu. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachovunja thiamini, yaani vitamini B1. Akikosa hiyo anaanza kuinamisha kichwa kifuani, anayumba, anapata degedege. Samaki akipikwa, kimeng'enya kinakufa. Jodari wa kopo la binadamu kila siku ni shida nyingine: si mlo kamili, jodari anakusanya zebaki, na mafuta mengi ya samaki bila vitamini E ya kutosha husababisha mafuta ya mwilini kuvimba na kuuma mpaka paka hataki kuguswa. Halafu akishazoea jodari hakubali kingine.

Na kabla hujauliza maziwa: paka wengi wakubwa hawameng'enyi laktosi, sukari ya maziwa, wanaharisha. Kitunguu na kitunguu saumu kwa namna yoyote, hata mchuzi uliopikiwa, hapana, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Chokoleti na zabibu nazo hapana. Keki anaifuata mafuta. Utamu wa sukari hausikii kabisa, watafiti walieleza mwaka 2005 kwamba jeni la kipokezi cha utamu kwa paka limekufa.


#15 UziMwekundu

Jamani nisaidieni haraka. Nimesoma uzi huu juzi nikahamasika, jana asubuhi nikatupa chakula cha zamani, nikamwekea kipya, kamili, kimeandikwa kila kitu. Hajagusa. Ni mnene, kilo 6 na nusu, nikasema akisikia njaa atakula mwenyewe, na kupungua kidogo si vibaya. Sasa ni jioni ya siku ya pili. Anakunywa maji tu. Niendelee kumkazia?


#16 TrayiYaPili

HAPANA. Hili ndilo nililosema nitarudi kwalo. Mbwa unaweza kumkazia, paka humkazii, hasa mnene. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili unamwaga mafuta kwenye ini haraka kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini linajaa mafuta, linashindwa kazi, hapo ndipo unaona masikio na ufizi vinageuka njano. Wanakufa kwa hilo.

Sasa hivi: nunua tena chakula cha zamani umpe. Kama hakipo, cha majimaji chochote cha paka, kipashe moto kidogo mpaka kiwe kama joto la mwili, harufu ndiyo inayomfungua. Asipokula usiku huu, asubuhi na mapema kwa daktari wa mifugo. Ukiona njano popote, usisubiri asubuhi.


#17 SharubuNdefu

UziMwekundu, lawama hii ni yangu. Niliandika vile mpaka mwisho bila kusema namna ya kubadilisha. Chakula kipya kinaingia kwa siku 7 hadi 10: robo kwa siku mbili tatu, nusu, robo tatu, ndipo chote. Mkaidi anachukua wiki tatu. Na kumpunguza uzito ni 1% hadi 2% ya uzito wake kwa wiki, kwako wewe ni gramu 65 hadi 130, si zaidi. Tujulishe.


#18 MamaWaWatatu

Tupo macho hapa, dada au kaka. Paka amekula?


#19 UziMwekundu

Usiku hakula. Asubuhi tumekwenda. Wamemchoma sindano ya kuzuia kichefuchefu, wamempima damu, ini limeanza kuonyesha dalili lakini hatujachelewa sana. Mchana huu amekula vijiko viwili vya kile cha zamani nilichokuwa nakitukana. Natakiwa nimpe kidogo kidogo kila saa chache na kesho tunarudi. Nina hasira na nafsi yangu.


#20 SharubuNdefu

Karibu kwenye chama. Vijiko viwili ni vingi.


#21 MamaWaWatatu

Na mimi nilete ya kwangu. Mdogo kapigwa picha ya mifupa, ni myembamba kuliko umri wake ila haijavunjika wala kupinda. Kaanzishiwa chakula cha watoto, milo minne kwa siku, mpaka atimize mwaka. Daktari kasema kwa umri huu mifupa itajijenga. Wakubwa wawili wananiangalia kama nimewasaliti, kuku sasa ni wa Jumapili.


#22 Kiroboto

Wakuu, nimerudi kwa unyenyekevu. Jana nimetoa kipakiti kimoja kwenye takataka, nikakigeuza, nikaomba tochi ya simu. Maandishi yake yana ukubwa wa kiroboto mwenzangu. "Chakula cha nyongeza. Kisitumike peke yake." Miezi minane anakula hicho peke yake.


#23 TrayiYaPili

Ana miaka mingapi? Anaruka vizuri gizani?


#24 Kiroboto

Miaka mitatu. Sijui, sijawahi kuangalia. Nazima taa sasa hivi.